Wa Themanini na Tatu

Ilishuka Kibuye na shehena ya mitumba,
imefungwa kamba moja na magongo ya hospitali
na kigari cha mtoto kisicho na magurudumu.
Nyepesi. Niliinyanyua kwa vidole viwili
nikadhani nimepunjwa uzito.
Mimi ni fundi wa Blaki Mamba,
baiskeli ambayo ukiiangusha
ardhi ndiyo huomba radhi.

Chini ya rangi ya samawati palikuwa na jina:
Odiel Braekevelt.
Nililisoma kwa kurukaruka,
kama mtu anayevuka mto juu ya mawe.

Nikafungua bomba la tandiko nitoe kutu.
Ikatoka karatasi, imeviringwa kama hirizi.
Nikampelekea Sista Godelieva kule Nyabondo,
aliyekuja na meli akiwa na miaka ishirini na mitatu
na siku hizi anaota kwa Kijaluo.
Alisoma polepole, lugha ya mama yake
ikimkwama mdomoni kama mfupa wa samaki:

Mwaka wa kwanza, wa themanini na tatu.
Wa pili, wa sabini na moja. Mvua.
Wa tatu, sikumaliza. Mfupa wa bega.
Wa nne, wa themanini na tatu tena.

Akanyamaza. Akaruka mstari, akaurudia:

Wa sita, nilimpa nahodha gurudumu langu.
Alishinda. Mimi nilisimama kando ya shamba la viazi
dakika arobaini, nimeshika fremu.

"Sasa huyu," nikauliza, "alilipwa kwa kazi gani?"

"Kubeba maji.
Timu nzima ina mmoja mwenye jina.
Wengine hurudi nyuma hadi kwenye gari,
hujaza chupa mifukoni, mgongoni, kifuani ndani ya jezi,
hukimbiza kundi upya, hugawa,
kisha huukata upepo kwa vifua vyao
ili mwenye jina apumue nyuma yao."
Akaigonga karatasi kwa ukucha.
"Miaka kumi na mmoja."

Usiku ule niliisoma fremu kwa tochi.
Hapa mikwaruzo ya barabara zao za mawe.
Hapa tandiko limelika upande wa kushoto:
aliegemea, labda kwa ajili ya lile bega.
Hapa vishikio viwili vya chupa, vya kiwandani,
na cha tatu, kimechomelewa kwa mkono,
vibaya, na mtu mwenye haraka.
Nilimpenda kwa hicho cha tatu.

Nikaitundika ukutani.
Vijana wa Milimani walikuja, wakaipiga picha,
wakataja bei ya ng'ombe.
Haiuzwi.
Wakaongeza ndama.
Haiuzwi, nimesema.

Kisha akaja Perez Apondi wa Dunga.
"Nataka kitu cha kupanda Riat
na gunia la omena, nifike Kiboswa
kabla jua halijaninusia mzigo.
Hiyo hapo. Iwekee keria."

Keria! Nikamweleza yote:
Ubelgiji, mvua, bega, viazi, themanini na tatu.
Nikamwonyesha karatasi, ingawa hakuna kati yetu
aliyejua neno hata moja lililoandikwa.
Alisikiliza huku akimenya njugu,
maganda akiyaweka vizuri kwenye kiganja.

"Kwa hiyo alikuwa mbebaji," akasema.

Sikuwa na jibu.
Nilitafuta koleo nililokuwa nimelishika.

Jumatano nikachomelea keria.
Kwa haraka. Vibaya.
Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri,
nilimwona Kondele, leso imefungwa kiunoni,
gunia limelala nyuma yake kama mgonjwa anayepelekwa zahanati.
Mnyororo haukulia.

Nyuma ya ile karatasi, kwa penseli, nimeongeza:

Mwaka wa kumi na mbili. Riat.
Gunia moja na debe.
Alifika.

Wa ngapi, sijui.
Nilisahau kumuuliza nani alikuwa mbele.